Kobe wa mwanangu anatoa mapovu puani na hataki kula. Nianzie wapi?

binti_mkunazini (Jumapili, saa 4:10 usiku)

Assalaamu alaikum jamaa. Natumai humu mna wafugaji wa kobe, maana huku nilipo kila nimuulizaye hucheka kwanza.

Nipo Maskati. Mwaka jana tulikwenda Unguja likizo, tukampeleka mwanangu wa miaka tisa Changuu kuwaona wale makobe wakubwa, na tokea siku ile nyumba haikuwa na amani. Baba yake akamnunulia wa dukani, sulcata, wale wa Saheli wenye miba kwenye mapaja. Mdogo, anaenea kiganjani. Tumemwita Sheha, kama yule kiongozi wa mtaa kwetu Unguja, kwa sababu huzunguka nyumba nzima akichungulia kila chumba na hakuna analolifanya. Huu mwezi wa nne tunaye.

Tokea Alkhamisi anapiga chafya. Nikasema vumbi. Juzi nikaona povu dogo kwenye tundu la pua, linavimba, linapasuka, linavimba tena. Leo jicho la kushoto limefumba, na jani la mronge, analolipenda kupita kila kitu, kalipita kama hakuliona.

Anakaa kwenye tangi la kioo chumbani kwa kijana, juu ya mchanga mkavu wa dukani, taa moja ya joto upande mmoja. Muuzaji alisema ni mnyama wa jangwa, maji kidogo tu yatosha. Julai hii nje tunaungua, kwa hiyo AC haizimwi mchana wala usiku. Hili ni la kusubiri au la kukimbilia? Na ile dawa ya maji ya mafua ya watoto, naweza kumpa tone?

Mkata_Shauri (saa 4:32 usiku)

Pole dada. Usipoteze hela kwa madaktari. Tafuta ivermektini, ile dawa ya minyoo, mimi natumia kwa mbuzi na mbwa wangu hapa Chalinze, inasafisha kila kitu hata mafua. Tone moja tu mdomoni. Ukikosa, fungua kidonge cha amoksilini, chukua unga kidogo koroga na maji. Na mafuta ya habasoda puani asubuhi na jioni.

dk_mifugo_moro (saa 4:41 usiku)

Dada, USIMPE IVERMEKTINI. Herufi kubwa ni za makusudi, nimeacha chakula mezani kuja kuandika hapa. Kwa mbuzi ni dawa nzuri sana na Mkata_Shauri hajakosea kwa mbuzi wake. Kwa jamii ya kobe ni sumu. Inaingia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, mnyama analegea viungo vyote, kisha pumzi inakatika. Hata tone moja usijaribu.

Dawa ya mafua ya mtoto pia usimpe. Mafuta puani ndiyo kabisa, kwa sababu yakiingia mapafuni kobe hana namna ya kuyatoa.

Hapo penye kutoa ndipo penye shida yote ya ugonjwa huu. Mapafu ya kobe yako juu, yamejibana chini ya gamba la mgongo. Mbavu zake zimeungana na gamba, hazipanuki. Kiwambo tulicho nacho sisi kati ya kifua na tumbo yeye hana. Anavuta hewa kwa kusogeza mabega, mapaja na misuli ya ndani, kwa hiyo hawezi kukohoa kwa nguvu kama unavyokohoa wewe. Kamasi likishashuka linakaa. Mtoto wako akibanwa kifua utamsikia usiku kucha; kobe atanyamaza, nawe utasema ndivyo alivyo, mpole.

Naomba unijibu. Anafungua mdomo ili apumue? Anarefusha shingo na kuinua kichwa kila anapovuta hewa? Miguu ya mbele inaingia na kutoka kama mtu anayevuta mivukuto? Ukimsogeza sikioni unasikia kitu kama kubofyabofya, au mluzi mwembamba? Ute wa puani ni majimaji au mzito? Ana gramu ngapi leo, kwa mizani ya jikoni? Halafu chukua kipimajoto ukiweke palepale anapolala, usawa wa mgongo wake, usitundike ukutani, ukisome saa tisa usiku. Jibu hilo la mwisho ndilo ninalolisubiri kuliko yote.

Kama anapumua mdomo wazi, achana na maswali yangu, mpeleke sasa hivi.

kisauni_leeds (saa 5:15 usiku)

Mimi nafuga kobe wa aina ya Hermann huku Uingereza, mwaka wa nane sasa. Dada usije ukashtuka kupita kiasi, kuna mambo yanayofanana na ugonjwa na wala si ugonjwa. Kobe hunywa maji pua ikiwa imezama pamoja na mdomo, kwa hivyo akitoka majini utaona povu moja mbili, na baada ya dakika chache pua imekauka. Ukimshtua akajivuta ndani ghafla atatoa sauti ya hsss. Kichwa na miguu vimeingia ndani, gamba halitanuki, hewa lazima itoke. Na chafya moja akiwa anakula nyasi kavu haina neno. Wangu aliwahi kuniamsha usiku kwa mlio wa mlango wenye kutu, nikakurupuka, kumbe anasugua gamba kwenye jiwe.

Lakini povu lirudi siku tatu, jicho lifumbe, na chakula akipendacho akikatae? Hayo matatu yakija pamoja mimi sijapata kuyaona yakiondoka yenyewe.

Tuwekee picha ya tangi lote. Za kobe peke yake hazitusaidii.

binti_mkunazini (Jumatatu, saa 10:05 alfajiri)

Nimeamka saa tisa kama mtu wa daku. Haya majibu.

Mdomo hafungui. Shingo anairefusha, si kila pumzi lakini mara kwa mara, na miguu ya mbele inacheza kama alivyosema daktari. Nimemsogeza sikioni, nasikia tik, tik, kama saa. Ute ni maji, ila umeacha ukoko mweupe chini ya pua. Gramu 84. Kijana alimpima mwezi uliopita kwa kazi ya skuli, akapata 92.

Joto chini ya taa ni 34. Lakini taa huzimwa saa mbili kijana anapolala, na pembe anayolala Sheha nimekuta nyuzi 20 na nusu. Nimepima mara mbili sikuamini. Kile kipima unyevu kinasema asilimia 24.

Picha mbili nimeziweka chini.

dk_mifugo_moro (Jumatatu, saa 12:30 asubuhi)

Nyuzi 20 na nusu kwa kobe mchanga wa Saheli ni kumlaza Makete bila blanketi, na umemlaza miezi minne. Hewa ya AC ni nzito, inashuka chini, tangi lisilo na kifuniko linajaa baridi kama beseni linavyojaa maji. Wewe na kijana mko kitandani, yeye yuko chini kabisa.

Kobe hajitengenezei joto. Joto lake likishuka, kila kitu kinapunguza mwendo: tumbo, damu, na zile chembe zinazopigana na vijidudu. Ndiyo maana hata dawa nzuri ya daktari haifanyi kazi kwenye kobe wa baridi. Kwa hiyo kabla ya dawa, joto. Leo hii mtoe kwenye chumba cha AC. Nyumba ya Maskati mwezi wa saba haikosi chumba ambacho ukizima AC kinafika 30 chenyewe, ila angalia kisipite hapo sana, na mwachie pembe yenye kivuli. Akiwa mgonjwa asipate ule ubaridi wa usiku kabisa: 28 hadi 30 usiku na mchana, na sehemu moja ya kuota yenye kama 35. Usiku tumia kile kifaa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga, kwa sababu naye anahitaji giza alale.

Mchanga uondoe wote. Vumbi lake linaingia puani, na wengine huumeza ukawaziba tumbo. Weka makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa. Najua umeambiwa jangwa. Porini huyu mnyama anachimba shimo refu ardhini, mita na mita, na humo ndani hewa ni ya unyevu hata juu kukiwa kumekauka. Watoto wa kobe ndimo wanamokulia. Mchanga mkavu chini ya AC unamkausha njia za hewa, na ute ukikauka vijidudu vinapita bila kizuizi. Lenga unyevu wa 70 na kitu. Ila angalizo: unyevu uende na joto. Unyevu pamoja na baridi ni mbaya kuliko huo ukavu ulionao sasa.

Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu mara moja kwa siku, yasipite kidevu, dakika 15 hadi 20, kisha mkaushe. Usimlishe kwa nguvu.

Haya yote unamwandaa kwa daktari tu, hayamponyeshi. Kubofya kifuani, gramu nane zimepotea, jicho limefumba: miadi ni leo au kesho.

kisauni_leeds (Jumatatu, saa 2:10 asubuhi)

Dada, ile picha ya pili. Kushoto kwa tangi, kwenye kimeza, kile ni chetezo?

binti_mkunazini (Jumatatu, saa 2:25 asubuhi)

Ee Mola wangu.

Ni chetezo cha mama mkwe. Anakaa nasi tokea Shaaban. Kila magharibi anafukiza udi nyumba nzima, na chumba cha mjukuu ndicho anachomalizia, anakiacha hapo mpaka moto ufe. Siku za Ijumaa mara mbili.

Sasa mie nitamwambiaje?

mama_wawili (Jumatatu, saa 2:40 asubuhi)

Shoga, mwambie udi wako mzuri mno bi mkubwa, mpaka kobe kalewa. Usimtaje mtoto wala mume. Akihamia na chetezo sebuleni, umeshinda.

Na mimi nina la kuuliza daktari. Wanangu hapa Minnesota wanataka kobe. Huku tangu 1975 ni marufuku kuuza kasa na kobe wadogo ambao gamba halijafika inchi nne, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni wanaugua salmonela, vile vijidudu vya kuharisha. Je, huyu mgonjwa wa mwenzetu anaweza kumwambukiza kijana hayo mafua?

dk_mifugo_moro (Jumatatu, saa 3:00 asubuhi)

Mafua ya kobe hayampati mtoto, na ya mtoto hayampati kobe. Salmonela ndiyo ya kuogopa, na hiyo kobe mzima wa afya anaweza kuwa nayo bila dalili yoyote. Kwa hiyo kijana asimbusu, maji ya kumkalisha yasimwagwe kwenye sinki la vyombo, na sabuni kila akimgusa.

Kuhusu moshi: udi, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, marashi ya kupuliza, chumba cha kobe visiingie. Moshi umeongeza tu. Hata bila chetezo, baridi ile ingemfikisha hapa.

kisauni_leeds (Jumatatu, saa 3:20 asubuhi)

Nyongeza ndogo kabla sijaenda kazini. Tangi lipo dirishani, na bila shaka mwajiambia jua analipata. Kioo huzuia ile miale ya jua anayoihitaji kwa gamba na mifupa. Anunuliwe taa ya mirija ya UVB, inayotoa miale hiyo, na ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inawaka, maana mwanga hubaki miale ikaisha. Ila hilo lisubiri, si la leo.

binti_mkunazini (Jumanne, saa 3:15 usiku)

Tumerudi. Nimechoka lakini nawaandikia kwa sababu mmenikesheshea.

Daktari wa kwanza amezoea paka na farasi. Akamtazama Sheha, kisha kwa uungwana kabisa akasema kobe hawajui vizuri na hataki kujifunzia kwake, akatuelekeza kwa mwenzake. Nilitamani nimbusu mkono. Wa pili ndiye. Kitu cha kwanza alichouliza ni joto la usiku, nikajiona mwanafunzi aliyesoma mtihani kabla.

Alimpima: 82. Akamfungua mdomo kwa kijiti laini, akamulika ulimi na kaakaa. Anasema kuna virusi vya jamii ya herpesi vinavyoweka utando wa rangi ya maziwa mdomoni, na angeukuta mazungumzo yangekuwa mengine. Hakukuta. Kisha eksirei, si moja tu ya kutoka juu; alimsimamisha juu ya kikopo miguu ikining'inia akapiga na ya mbele na ya ubavuni, maana ya juu peke yake huonyesha gamba na matumbo yote yamelaliana na mapafu. Pafu la kushoto lina ukungu. Nimonia, bado changa. Akachukua ute wa puani kwa pamba kupeleka maabara.

Kapigwa sindano ya antibayotiki, seftazidimu, mkononi, yaani mguu wa mbele, na tutampiga wenyewe kila baada ya saa 72. Mkononi kwa sababu damu ya miguu ya nyuma hupita kwenye figo kwanza. Dawa ikishachanganywa haidumu, kwa hiyo kaivuta yote kwenye mabomba madogo ya sindano tukayagandishe, tunatoa moja moja. Friza yangu sasa ina nguru, sambusa, na sindano za Sheha, na nimeandika kwa wino mwekundu isije mtu akayeyusha.

Chumba cha wageni ndicho chake. Nyuzi 29. Mama mkwe hajaambiwa kitu, chetezo nimekiomba kwa ajili ya sebule kwa kuwa "wageni wanasifu".

Mkata_Shauri (Jumanne, saa 3:30 usiku)

Pole sana dada. Ivermektini nafuta kauli. Habasoda bado naamini mnaionea.

kigoma95 (Jumatano, saa 6:00 mchana)

Naomba kudandia uzi. Nimeokota kobe wa madoadoa barabarani wiki iliyopita, nimemweka uani na bata. Naye leo pua ina maji. Nifanye kama dada?

dk_mifugo_moro (Jumatano, saa 7:45 mchana)

Wewe mkuu ni habari nyingine. Dada kanunua dukani katika nchi yenye taratibu zake. Kobe uliyemwokota ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama nia ilikuwa njema. Nenda ofisi ya maliasili ya wilaya au TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania, eleza kama ulivyoeleza hapa. Usimrudishe kimyakimya porini akiwa na kamasi. Marekani, kwenye jangwa la Mojave, walipata somo hilo kwa uchungu: mafua ya aina hii yalionekana kwa kobe wa porini miaka ya 1980 mwishoni, na kobe wa kufugwa waliokuwa wakiachiwa jangwani ni miongoni mwa waliolaumiwa kuyasambaza. Mwaka 1990 serikali yao ikamweka kobe yule kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, japo sababu zilikuwa nyingi, si mafua peke yake.

Siku nyingine ukimkuta barabarani, mvushe upande aliokuwa anaelekea, uendelee na safari. Na mtoe kwa bata leo.

abuu_sib (Ijumaa, saa 11:20 jioni)

Nimesoma uzi wote, dada pole. Mimi nipo Sib hapo karibu, nna sulcata watatu. Nionavyo upweke nao unamuumiza. Akipona nitakupa jike langu dogo bure, wakae pamoja, kijana afurahi.

binti_mkunazini (Ijumaa, saa 11:50 jioni)

Allah akulipe kheri kaka. Kijana kasoma ujumbe wako begani kwangu na sasa halali. Apone kwanza.

binti_mkunazini (siku kumi na mbili baadaye)

Sindano ya tano jana. Jicho lilifumbuka baada ya ya pili. Alama ya kwanza ya uhai ilikuwa siku ya sita: nimemkalisha majini, akajisaidia, kisha akanyoosha shingo akanywa muda mrefu hata nikahesabu. Usiku ule akala mronge na ua moja la boga. Uzito 89. Pua kavu, mlio wa saa umeisha. Kijana ndiye anayemshika wakati wa sindano, mie napiga nimefumba jicho moja.

Jamani ahsanteni. Naona tumevuka.

binti_mkunazini (siku tisa baada ya hapo)

Hatujavuka.

Sindano zilikwisha, siku nne nzuri, ya tano povu limerudi. Puani tu, kifuani kimya, na bado anakula. Nikalia kama mjinga. Joto nimelipima, ni lilelile, halijashuka. Udi hakuna. Nimekwenda kwa daktari na majibu ya maabara yamefika: ana mikoplazma. Kabadilisha dawa, sasa ni ya kunyweshwa. Alinieleza lakini akili haikuwepo. Daktari wetu wa humu, nieleze kwa Kiswahili.

dk_mifugo_moro (siku hiyohiyo, saa 2:00 usiku)

Vuta kiti.

Antibayotiki za ukoo wa seftazidimu, na amoksilini ni binamu yake, zinaua kijidudu kwa kubomoa ukuta wake wa nje. Vijidudu vilivyoingia pafuni kwa sababu ya baridi vilikuwa na ukuta, vikabomolewa, ndiyo maana kifua kimepona. Mikoplazma haina ukuta. Sindano zile zingeendelea hata mwaka mzima, zisingepata cha kubomoa. Daktari wako hakukosea. Nimonia ilikuwa inaua na majibu hayakuwepo, alianza na kinachoua. Dawa mpya inafanya kazi kwa njia nyingine, inazuia kijidudu kisijijenge.

Sasa gumu lenyewe. Povu litaondoka, lakini mikoplazma yenyewe hatuhesabu kuwa imeondoka. Kobe akishaipata tunamchukulia kuwa anayo maisha yake yote. Inajificha huko ndani ya pua, miaka inapita hamna kitu, halafu siku umeme ukikatika usiku wa Januari, au mmehama nyumba, au kaletewa mwenzake wa kumgombeza, pua inaanza tena. Kwa hiyo kila Ijumaa mpime uzito uandike. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, hapo ndipo pa kuanzia, pua hufuata baadaye.

Alikoipata? Nakisia dukani. Uliwahi kusema walikuwa wamewekwaje?

binti_mkunazini (saa 2:20 usiku)

Sikusema. Walikuwa kwenye beseni moja kubwa, labda ishirini, na wengine si wa aina yake, wadogo wenye gamba la manjano. Wanakunywa kibakuli kimoja. Nakumbuka mmoja alikuwa amefumba macho, muuzaji akasema amelala.

kisauni_leeds (saa 2:35 usiku)

"Amelala" ya saa tano asubuhi chini ya taa. Mimi mgeni wangu yeyote hukaa chumba chake, vyombo vyake, na namhudumia wa mwisho baada ya wengine, miezi sita kamili ndipo nimfikirie. Watu waniona mwenda wazimu.

Na usisikie anayekwambia umchome vitamini A kwa sababu ya jicho. Nilishauriwa hivyo zamani na mtu wa dukani. Sindano hiyo ikizidi kidogo tu, ngozi ya kobe huambuka.

binti_mkunazini (wiki sita baadaye)

Salamu kutoka kwa Sheha. Gramu 131 asubuhi hii. Pua kavu siku ya thelathini na mbili. Ana sanduku jipya la mbao lenye kifuniko, makumbi ya nazi niliyoletewa kutoka Salala, kile kifaa cha kauri, na taa ya UVB. Chumba cha wageni si cha wageni tena. Mama mkwe alikuja kujua yote, kijana alimwambia. Nilijificha jikoni. Akaenda mlangoni kwa Sheha, akasimama kimya, akasema "masikini, na mie nikimfukiza kama maiti," na sasa kila magharibi chetezo kikiwaka yeye ndiye anayefunga mlango ule na kusokota kanga chini yake.

Abuu_sib, kaka yangu, ahsante kwa ukarimu, lakini jike lako libaki kwako. Wako watatu wazima, wangu anayo. Na ukija kututembelea, karibu sana, ila usimguse, na ukirudi kwako nawa na badili nguo kabla hujawashika wako. Daktari kasema hata sisi wenyewe tusiende kwenye nyumba yenye kobe moja kwa moja tukitoka kumshika huyu.

abuu_sib (saa 12:10 jioni)

Umeniokoa dada. Nilikuwa nishamfungasha.

binti_mkunazini (saa 12:30 jioni)

Kijana alinuna siku mbili. Leo nimeingia nimemkuta amesimamisha kioo changu cha wanja ndani ya sanduku, eti Sheha apate mwenzake asiyeugua. Sheha kakikabili hatoki mbele yake. Daktari, kina neno?

dk_mifugo_moro (saa 12:50 jioni)

Kiondoe. Haoni rafiki pale, anaona mtu kaingia kwake bila hodi. Atakipiga kichwa mpaka achoke.